Mac ya M1 na programu za enzi za Intel

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina kastudio kadogo hapa Moshi, narekodi kwaya. Juzi nimenunua MacBook ya M1, used. Programu yangu ya kurekodi ni ya enzi za Intel, siku ya kwanza ilikawia sana kufunguka lakini sasa inafunguka fasta tu, ila saundi kadi yangu ya zamani haisomi kabisa. Jamaa ananiambia mashine mbovu niiuze. Nifanyeje?
Msomaji, Moshi

JIBU: Usiuze ndugu yangu, mashine nzima hiyo. Kila aina ya prosesa ina amri zake, na za Intel M1 haizielewi hata moja, ndo maana Apple walipotoa M1, prosesa yao ya aina ya ARM, mwaka 2020 wakaleta na Rosetta 2, programu ya kutafsiri amri. Siku ile ya kwanza Rosetta ilikuwa inaipitia programu yako yote, inageuza amri za Intel kuwa za ARM na kuzihifadhi kwenye diski, sasa hivi inachukua tu kilichohifadhiwa. Vipande ambavyo programu inajitungia ikiwa inatembea ndo vinatafsiriwa papo hapo.

Ila kazi ngumu mi naona ipo kwenye memori, pale sehemu moja ya programu inapoandika data na nyingine inaisubiri kuisoma. Chukulia kijana anapakia ndizi kwenye Fuso, akimaliza anabandika karatasi ya TAYARI, dereva akiiona anaondoka. Kwa Intel karatasi ikionekana ujue na mikungu imo, lakini ARM inaruhusiwa kupangua mpangilio ili iende mbio, kwa hiyo dereva anaweza kuona karatasi huku mikungu bado haijafika, na programu ya Intel haikuandikwa kwa kutegemea hilo kabisa. Kuweka ulinzi kwenye kila amri kungeifanya iwe nzito mno, kwa hiyo Apple wakaweka swichi ndani ya chipu yenyewe, programu iliyotafsiriwa ikianza kutembea chipu inafuata mpangilio wa Intel. Kazi safi sana ile, nawapa heshima.

Sasa saundi kadi. Draiva yake ya zamani, yaani programu inayoiunganisha na Mac, inaingia hadi kwenye kiini cha mfumo, na huko Rosetta haitafsiri kitu. Tafuta kwa waliotengeneza kadi draiva ya M1, ikikosekana chukua kadi inayosoma bila kuwekewa draiva yoyote.

Na ukija kuweka toleo la M1 la hiyo programu usishtuke plagini za zamani (vile viprogramu vya efekti na vyombo vinavyofunguka ndani yake) zikipotea, amri za Intel na za ARM hazikai ndani ya programu moja inayotembea. Nenda Get Info ya programu hiyo, weka tiki ifunguke kwa Rosetta, zitarudi. Ila anza kutafuta plagini mpya mapema, maana Apple wameshatangaza Rosetta kamili mwisho toleo la mfumo wa Mac liitwalo macOS 27.