Kupiga kambi na watoto hifadhini: tulieni mahali pamoja

Familia nyingi zinazopiga kambi katika hifadhi ya wanyamapori hutumia siku nzima zikizunguka, na watoto hurudi hemani wamechoka bila kuona zaidi ya nyayo. Kwa uzoefu wangu wa kusafiri na wanangu, ni heri kuchagua mahali pamoja karibu na maji, mkatulia hapo huku upepo ukivuma kutoka upande wa wanyama kuja kwenu, kwa kuwa wengi wao humnusa binadamu kabla ya kumwona.

Wanyama wengi huwa katika pilikapilika alfajiri na jioni, kwa hiyo watoto walale mapema, waamke kabla ya mapambazuko, na usingizi waufidie mchana. Binti yangu, ambaye kwa kawaida hatulii, alimtazama korongo aliyesimama majini kama mti, hadi ndege yule alipochopoa samaki, akamgeuza kichwa kitangulie, kisha akammeza.

Darubini ya kukuza mara 8 inamfaa mtoto, maana ikikuza zaidi, mtetemo wa mkono huichezesha picha. Mfundisheni kumtafuta mnyama kwa macho matupu kwanza, halafu ainue darubini bila kuhamisha macho.

Kuhusu umbali, fuateni kanuni za hifadhi husika. Mnyama akiacha kula na kuwakazia macho, mmekwisha kumsumbua. Rudini nyuma polepole.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni chakula. Kisiingie hemani kabisa, wala sabuni na dawa ya meno, kwani harufu yake huwavuta wanyama. Vyote vihifadhiwe ndani ya gari lililofungwa au katika masanduku ya hifadhi, ikiwa yapo. Mnyama aliyezoea makombo ya watu hupoteza woga, huwa hatari, na mara nyingi huishia kuuawa, jambo linaloniuma sana kwa sababu kosa si lake. Waelezeni watoto sababu hiyo waziwazi, nao watakuwa walinzi wakali kuliko ninyi.

Usiku, macho huhitaji takribani dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, hivyo tumieni tochi ya mwanga mwekundu. Mtoto akitaka kwenda chooni, mtu mzima atangulie kutoka, amulike pande zote, ndipo amwite.