Nilidhani ni upole, mtaani wakasema naringa

Nilikuwa nimeshamaliza mwaka mzima Kigamboni jirani yangu wa ukuta wa pili alipofiwa na mumewe. Turubai likafungwa nje, viti vya plastiki vikapangwa mpaka karibu na mlango wangu. Nikirudi kazini napita pembeni, kichwa chini, naingia ndani. Nyuma ya pazia nikawa nafanyia mazoezi maneno mawili tu, "poleni sana", lakini kila nikishika kitasa moyo unaenda mbio, naachia. Siku ya tatu turubai likafunguliwa. Kesho yake dada wa duka la kona akanipa laivu: "Wewe dada unaringa. Mtu kafiwa mlangoni kwako, hata mkono wa pole hujampa."

Iliniuma, maana sikuwa naringa. Ila kwa alichokiona yeye, angesema nini kingine? Mapigo ya moyo wangu hayaonekani. Kinachoonekana ni mtu anayepita bila kusalimia.

Mimi nimekulia Njombe, na utotoni nilisifiwa sana kwa haya. Mtoto mpole, haongei mbele ya wakubwa. Haya ni jambo jema na sitaki mtu aniondolee. Shida ni kwamba nilikuwa na woga wa watu, nikauita haya ili nisiuguse. Kama nawe umefika Dar kwa kazi au masomo, unakaa chumba kimoja, na jioni simu ndiyo mwenzako pekee, jiulize kwa ukweli ni kipi kati ya hivyo viwili ulicho nacho.

Nilianza na salamu, tena kwa watu wazima kwanza. Kwa mwenye aibu, shikamoo ni msaada mkubwa kwa sababu maneno yameshapangwa. Unaamkia, unaitikiwa marahaba, habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo. Huna haja ya kubuni kitu. Kwa rika langu ilikuwa ngumu zaidi: "mambo", "poa", mazungumzo yamekwisha.

Kila alfajiri navuka na pantoni kwenda Magogoni. Nauli shilingi 200, safari yenyewe dakika chache, na ukiwahi muda uleule utawakuta watu walewale. Kulikuwa na mama mmoja anayevuka na ndoo tupu mbili kwenda kununua samaki soko la Feri, akakaange jioni. Nilimwamkia kama wiki tatu, bila la ziada. Kisha akapotea. Aliporudi nikasema, sauti ikitetemeka, "Shikamoo mama. Siku nne sijakuona, kwema?"

Akaweka ndoo chini. "Marahaba mwanangu. Yaani wewe umehesabu?"

Akanisimulia habari ya mjukuu wake aliyelazwa, homa ilivyompanda usiku, bodaboda waliyoitafuta saa nane. Alisimulia mpaka pantoni ikagusa ng'ambo na watu wakaanza kusukumana kushuka. Mimi sikusema hata sentensi tano. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba muda wote nilikuwa nahangaika nitasema nini, kumbe mwenzangu alihitaji mtu wa kumwona tu. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chagua sehemu moja, iwe kituo cha daladala, genge au kwa mama ntilie, uwe unaenda saa ileile. Simu iache kwenye mkoba. Kumbuka jambo moja dogo alilokuambia mtu, ukaliulizie kesho. "Mguu unaendeleaje?" inatosha kabisa.

Wapo watakaokuitikia kwa mkato. Watu wa mji huu wanachoka, hasa jioni. Usichukulie moyoni.

La pili lililonifaa ni kushika kazi. Msiba uliofuata mtaani sikwenda kukaa mkekani, maana kukaa bila kazi ndiko kunakonimaliza. Nilijifunga kanga nikaenda upande wa jikoni, nikauliza nisaidie nini. Nikapewa mbuzi ya kukunia na nazi. Kwetu nyanda za juu sikuwahi kukuna nazi, na badala ya kujifanya najua nikasema, "Sijui, naomba mnifundishe." Mama mmoja akakaa nyuma yangu, akanishika mikono yote miwili, akanionyesha namna ya kuzungusha kifuu ili nisikune mpaka ganda jeusi. Tulikuna nazi tukiongea mpaka wali ukaiva. Jicho likiwa kwenye nazi, mdomo unafunguka wenyewe. Kina mama walewale ndio walionikaribisha kwenye kikoba chao, na kwa kuwa kazi yangu ni uhasibu, daftari la hisa nalishika mimi.

Kama woga wako umefikia mahali unashindwa kutoka ndani, au unakosa kazi na masomo kwa ajili yake, usipambane peke yako. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina huduma za afya ya akili, na si za watu "waliochanganyikiwa" tu kama wengi tunavyodhani.

Aibu bado ninayo. Nilikuwa nayo hata siku nilipoamua kwenda kwa yule jirani, miezi mitano baada ya mazishi. Nilibeba kilo mbili za sukari, nikapiga hodi, nikasema nimechelewa mno na naomba anisamehe.

Akanivutia kigoda. "Karibu mwanangu. Marehemu alikuwa anakujua. Akisikia geti lako linalia alfajiri anasema, yule binti wa pantoni ameshaamka, na mimi ngoja niamke."

Nikakaa naye mpaka magharibi.