Mkia wa ndege yangu uliliwa na chumvi Kunduchi

Jumatatu usiku kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Mwezi uliopita nimepata leseni ya urubani binafsi. Nataka kuanza kujijengea ndege nyumbani, nianzie wapi?"

Marahaba. Nilitaka nimjibu kwa mistari miwili, nikajikuta bado naandika saa saba usiku, na nusu ya maneno ni machungu yangu mwenyewe. Bora niyaweke hapa, maana najua hayuko peke yake.

Kwa nini mtu ajenge ndege, sitaeleza. Kama umewahi kuruka peke yako ukaona visiwa vya Mbudya na Bongoyo vinapita chini ya bawa, kisha ukatua na kuhesabiwa dakika za kukodi kama uliyepanda bajaji, unajua. Mimi zile saa 40 za kuanzia leseni nilizilipa kwa kiwanja changu cha Chanika. Mke wangu hadi leo akipita Chanika hutazama upande wa pili wa barabara.

Nikachagua RV-7, ya viti viwili, ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani. Kampuni hiyo ilianzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973, na ndege za RV zilizokwisha kuruka zimepita 10,000, kwa hiyo sikuwa nabahatisha. Unanunua kwa mafungu: mkia, mabawa, kiwiliwili, halafu vya kumalizia. Nunua mkia peke yake. Kuna watakaokuambia ukinunua vyote pamoja usafiri unashuka. Unashuka kweli, lakini mkia ndio utakaokuonyesha kama una moyo wa kazi hii au una picha tu kichwani. Isitoshe, Desemba 2023 kampuni yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni, ikatoka mwaka uliofuata. Usitangulize pesa ya ndege nzima.

Miezi ya bandarini nairuka. Itoshe kusema mkaguzi alipofungua kasha aliniuliza, "Mzee, bati hizi unaezekea nini?"

Kasha likafika kwangu Kunduchi, pwani ya Dar, mwezi wa pili. Bati zimevikwa plastiki nyembamba ya buluu, zinang'aa, unaona hata vibaya kuzigusa. Akaja mzee mmoja, fundi wa ndege mstaafu, nikamwamkia, akapitisha kidole kwenye ukingo wa bati moja. "Mwanangu, hii buluu ibandue leo. Bahari iko nyuma ya ukuta wako." Nikamjibu ndiyo mzee. Moyoni nikasema, plastiki si ndiyo inayozuia mikwaruzo? Huyu kazoea mambo ya zamani.

Masika ikanyesha. Nikaanza kazi mwezi wa sita.

Gundi ilikuwa imeshakauka. Plastiki ikawa inatoka vipande vidogo vidogo kama gamba la kitunguu, na chini yake madoa meupe, unga unga, kama chumvi iliyolowa ikakauka tena. Nikasema nitafuta. Nikafuta. Nikakwangua kwa ukucha, na ukucha ukazama kwenye kashimo. Kashimo kadogo kabisa, lakini bati lenyewe ni kama nusu milimita. Ukilisugua hadi shimo lipotee, na bati limepotea.

Sababu yake niliisoma baadaye, kama kawaida yetu. Aluminiamu ya ndege, ile inayoitwa 2024, ina shaba kama asilimia 4. Shaba ndiyo inayoipa nguvu, na shaba hiyohiyo ndiyo inayoifanya iliwe upesi na chumvi. Wanaipaka juu tabaka jembamba la aluminiamu safi ili kuilinda. Sasa unyevu wa pwani ukiingia chini ya plastiki hauna pa kutokea. Unakaa pale, unakula.

Nikapiga picha ya bati, nikamtumia rafiki yangu, rubani mwenzangu, nikimwomba ushauri. Picha ikaenda kwenye grupu la WhatsApp na maneno yake: "Ndege ya kwanza duniani kupata ukurutu." Watu wakacheka. Waliocheka nawakumbuka mmoja mmoja, na siku nitakayoruka nitawaalika wote waje wasimame juani.

Basi sikia, mdogo wangu. Bandua plastiki. Siku ileile, kabla hujala. Usijenge karibu na bahari kama una pengine. Mimi nimehamia gereji ya shemeji Goba, na kusi likivuma sina wasiwasi. Nawa mikono, jasho nalo ni chumvi. Paka praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga bati, ndani kabla ya kufunga, maana ukishafunga hufungui. Na plastiki, nimekwambia, bandua.

Nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla hujalipa hata senti, ukaulize watataka kuona nini na katika hatua gani. Piga picha kila siku, na uso wako uonekane. Marekani sheria inataka zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na wajenzi wenyewe kwa kujifunza au kujifurahisha. Wewe utathibitisha kwa kitu gani kama picha zote ni za bati?

Ribiti, vile vipini vinavyoshikanisha bati na bati, nazo zina adabu yake. Kichwa unachokifinyanga upande wa pili kiwe na upana mara moja na nusu ya unene wa ribiti, na kimo nusu ya unene huo. Kikilala upande, itoboe, anza tena. Nimetoboa nyingi kuliko nilizoacha. Vijana wa siku hizi mnataka kupiga picha na usukani kabla hamjajua kufunga ribiti moja sawasawa, na anga haina huruma na mtu wa namna hiyo. Nasema hivi mimi niliyempuuza mzee wangu kwa kung'ang'ania plastiki.

Bati jipya limefika na nimelibandua palepale gereji, shemeji akishika taa. Mkia wa wima nimeumaliza wiki iliyopita. Mimi nyundo ya upepo na kompresa ya Gerezani, binti yangu Salma upande wa pili kashika kile kipande cha chuma kinachoipokea ribiti, pamba masikioni, anasema "bado, baba" au "tayari". Ana mkono uliotulia kuliko wangu.

Jumapili anarudi bweni, na usukani wa mkia haujafungwa. Kijana, kama Jumamosi ijayo una nafasi, njoo Goba. Vaa viatu vya kufunika, na pete iache nyumbani.