Mboji kwanza, pembe baadaye: kwa wanaoanza kilimo cha bayodinamiki

Anayeingia kwenye kilimo hiki, yaani kilimohai kinachoongeza vitayarisho maalumu na kalenda ya mwezi, mara nyingi hukimbilia pembe ya ng'ombe na kalenda hiyo, maana ndivyo vinavyosimuliwa zaidi. Anza na lundo la mboji. Samadi ya pembe, yaani samadi ya ng'ombe iliyoivishwa ndani ya pembe iliyozikwa, inayopuliziwa hekta nzima ni takriban gramu 100 tu, kiasi kisichoweza kulisha zao lolote. Udongo uliochoka, hata ukiupulizia mwaka mzima, utabaki umechoka.

Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria aliyeanzisha kilimo hiki kwa mihadhara ya Juni 1924 huko Koberwitz (leo ni Poland), alilitazama shamba kama mwili mmoja unaojilisha wenyewe. Kwa vitendo, hiyo ni hesabu: mifugo ilingane na malisho uliyonayo, na samadi yake irudi kwenye ardhi iliyoilisha. Shamba linalonunua majani na samadi kila msimu ni mgonjwa wa dripu.

Lundo liwe na upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.5. Dogo kuliko mita 1 kila upande halishiki joto. Panga tabaka za samadi mbichi, majani mabichi na mabua makavu, ukinyunyizia maji kila tabaka, usisubiri kumwagia juu mwishoni. Unyevu upime kwa mkono: kamua konzi moja, litoke tone moja au mawili. Likitiririka, umezidisha. Lisipotoa kitu na konzi likapukutika, ongeza maji. Kisha chomeka fimbo ya chuma hadi katikati na uiache dakika kumi. Ukiichomoa, iwe ya moto kiasi cha kukufanya uiachie. Joto linalotakiwa ni nyuzi 55 hadi 65. Harufu kali inayochoma pua ni dalili ya samadi nyingi na mabua machache, na nitrojeni yako inapotelea hewani. Ukungu mweupe mkavu ndani ni kiu. Lundo lililopoa mapema bila kuoza, mara nyingi limekosa maji au samadi.

Joto kali likishapungua ndipo huingizwa vitayarisho vya mimea, yaani dozi ndogo za mimea iliyotayarishwa kwa ajili ya lundo, zinazojulikana kwa namba 502 hadi 507. Vile vitano vigumu huwekwa kila kimoja kwenye tundu lake la kina cha sentimita 50, kama nusu kijiko cha chai, na tundu huzibwa kwa mboji iliyoiva au udongo. Cha sita, cha maji ya maua ya valeriani, huchanganywa na maji, kikakorogwa na kumwagiwa juu ya lundo.

Sasa samadi ya pembe, yaani kitayarisho namba 500. Chagua pembe ya ng'ombe jike aliyekwisha kuzaa: ni nzito, ncha yake imejaa, na mara nyingi ina pete karibu na shina. Ya dume ina kuta nyembamba. Ijaze samadi mbichi, iliyoshikamana, ya ng'ombe anayekamuliwa na kulishwa majani. Samadi ya majimaji haifai, wala ya mnyama aliyepewa dawa ya minyoo karibuni. Izike mwanzoni mwa msimu wa baridi, kina cha sentimita 40 hivi, mdomo ukielekea chini ili maji yasituame ndani. Epuka mahali panapotuama maji na penye mizizi ya miti. Baada ya miezi sita hivi fukua moja. Ikiwa nyeusi, imeshikamana na inanukia udongo wa msituni, imeiva. Ikiwa bado ya kijani na inanuka kinyesi, zirudishe zote ardhini.

Kupulizia: gramu 100 kwa lita 40 za maji kwa hekta, kwa robo hekta, gramu 25 kwa lita 10. Maji ya mvua ndiyo bora. Koroga saa moja kamili: zungusha kwa nguvu hadi maji yachimbe shimo linalokaribia sakafu ya pipa, kisha geuza upande ghafla, yavurugike na kutoa povu, ujenge shimo jingine. Pipa lijae robo tatu tu, la sivyo utaoga. Chuja kwa kitambaa, maana unyuzi mmoja wa majani huziba nozeli. Tumia siku hiyo hiyo, jioni, udongo ukiwa na unyevu, kwa matone makubwa. Bomba lililowahi kubeba dawa ya kuua magugu usiliguse.

Namba 501, unga wa jiwe la kwatzi, ni gramu 4 tu kwa hekta, alfajiri, juu ya majani. Usiupulizie kwenye miche michanga wala mimea yenye kiu, unaweza kuichoma. Ukiusaga mwenyewe vaa barakoa ya vumbi, kwa sababu vumbi la kwatzi huharibu mapafu.

Kalenda ya Maria Thun, Mjerumani aliyepanga kazi za shamba kwa mwendo wa mwezi, yenye siku za mazao ya mizizi, majani, maua na matunda, itumie pale siku mbili zinapokufaa sawa. Udongo ukiwa tope, siku ya mizizi ipite.

Kuhusu mavuno, usijidanganye. Jaribio la Therwil, Uswisi, lililoanza 1978, lilionyesha katika miaka yake 21 ya kwanza mavuno pungufu kwa asilimia 20 hivi katika kilimohai na bayodinamiki kuliko kilimo cha kawaida, huku mbolea iliyotumika ikipungua kwa asilimia 34 hadi 53. Udongo ulikuwa na uhai zaidi. Lakini ushahidi kwamba vitayarisho vyenyewe vinaongeza kitu juu ya kazi ya mboji bado ni dhaifu. Kwa hiyo acha ukanda wa mita 5 usiopuliziwa, uwekee vigingi, uupe mboji ile ile na maji yale yale. Wakati wa kuvuna, pima ukanda huo na mwenzake wa jirani kwa mizani moja, uandike.