Wienhausen kwa siku moja? Inatosha kabisa

Dada, umeuliza kama unaweza kwenda Wienhausen, ile monasteri ya kale ya masista huko Ujerumani, na kurudi Hannover siku hiyohiyo, na kama unaingia tu mwenyewe. Kwenda na kurudi kunawezekana: panda treni hadi Celle, kisha basi, ni kama kilomita 10 tu. Ila kuingia ni kwa ziara ya kuongozwa, na majira ya baridi hufungwa, kwa hiyo angalia ratiba kabla hujakata tiketi.

Ukifika, usiharakishe kwenye kwaya ya masista, yaani ukumbi walimokuwa wakisali na kuimba. Kuta na dari zote zimejaa michoro ya karne ya 14, hakuna pa kupumzisha jicho. Halafu tazama chini. Mwaka 1953, mafundi walipofumua mbao za sakafu hiyo walikuta miwani ya zama za kati, vioo viwili vilivyounganishwa kwa msumari mdogo, visivyo na mikono ya kushika masikioni. Sista fulani aliitafuta sana, maskini!

Na usishangae kukuta wanawake wanaishi humo hadi leo. Ni Walutheri sasa. Beba sweta, hata kiangazi.