Meli ya matembezi mto Rhine: ni kuchoma hela? Jibu kwa mdogo wetu wa Mainz

Mdogo wangu, nimesoma swali lako na majibu uliyopewa. Umesema uko Mainz, Ujerumani, mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi, wenzako wa darasani wanakushawishi mpande meli ya matembezi mto Rhine, nawe unaona ni kuchoma hela wakati nyumbani wanasubiri ada za wadogo zako. Wengi humu wamekujibu "kula maisha". Mimi sitakujibu hivyo, maana ada ile haitalipwa na wana jukwaa.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Kwetu meli ni kitu cha shida. Enzi zetu ulikuwa unapanda Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu kuna msiba Kipili, au una magunia ya dagaa ya kupeleka Mpulungu, Zambia, na unalala juu ya mzigo wako ili usiamke umebaki na kamba tu. Vituo vingi havikuwa na gati. Meli ilikuwa inasimama ziwani, mitumbwi inaizingira, watu wanavutwa kupanda pamoja na kuku na mananasi huku kila mmoja akipiga kelele. Wazungu wachache walikuwa wanapanda kutazama milima ya Mahale, na sisi tulikuwa tunawatazama wao. Kwa hiyo nilikaa Ujerumani miaka bila kupanda meli yoyote ya kutazama mandhari, na sikuona nimepungukiwa.

Kilichonitoa nyumbani ni Goethe, meli kongwe ya Rhine inayosukumwa na magurudumu makubwa ya ubavuni. Iliundwa 1913. Mwaka huohuo karakana ya Meyer huko Papenburg ilikuwa inaunda meli iliyoitwa Graf von Götzen, ndiyo Liemba yetu. Walipomaliza waliifungua vipandevipande, wakaipakia kwenye maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati, na mafundi 3 wa Papenburg wakasimamia kuiunga upya Kigoma. Iliingia ziwani 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui, na Waingereza wakaja kuiibua 1924. Goethe nayo ilizamishwa katika Vita Kuu ya Pili, ikaibuliwa. Zote mbili zilianza kwa mvuke na zote zilikuja kuwekewa dizeli. Na karakana ya Papenburg bado ipo, siku hizi inaunda yale majumba ya kifahari yanayoelea baharini na mabwawa ya kuogelea juu. Nilipoyajua hayo nikaona siendi utalii, naenda kumsalimia ndugu wa Liemba.

Kipande kizuri kinaanza Rüdesheim na Bingen hadi Koblenz, kilomita 65, na UNESCO ilikiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2002. Si lazima ukimalize. Rüdesheim hadi St. Goar inatosha, na hapo ndipo kwenye utamu. Mashamba ya mizabibu yamepandwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba unajiuliza mvunaji anasimamaje. Ngome zinakuja moja baada ya nyingine hadi unaacha kupiga picha. Nyingi zimesimama pale kwa sababu ya hela tu: kila mtawala mdogo aliyekuwa na kilima aliweka kizuizi cha kutoza ushuru vyombo vinavyopita.

Ushahidi wa wazi ni Kaub. Katikati ya mto kuna kingome cheupe, Pfalzgrafenstein, kilichoanza kujengwa 1327 kwa kazi hiyo moja ya ushuru, na mnyororo ulikuwa unavutwa kuziba njia mpaka ulipe. Nilikitazama muda mrefu kuliko vyote, maana nimesafiri na magunia na vizuizi navijua. Mapatano ya Mannheim ya 1868 ndiyo yaliyothibitisha kwamba vyombo vinapita Rhine bila kutozwa kwa kupita. Mji huohuo wa Kaub ndiko kiko kipimo cha maji ambacho nahodha yeyote wa Rhine anakisikiliza. Oktoba 2018 kilisoma sentimita 25. Kipimo hicho si kina chote cha mto, lakini matishari yalilazimika kupakia sehemu ndogo tu ya mzigo, na viwanda vikubwa vikakwama kupata malighafi.

Baada ya Kaub unafika Loreley, jabali la mita 132 linalosukuma mto kwenye kona nyembamba. Spika za meli zitakupigia wimbo wa yule binti wa hadithi anayechana nywele juu ya jabali huku mabaharia wakizama kwa kumtazama. Wazee wa Kijerumani waliokuwa karibu yangu waliimba, watu ambao kwenye treni hawakusalimii. Mimi macho yalikuwa kwenye taa za kuongozea meli ukingoni, maana mahali pale tishari la mita mia na zaidi haliwezi kuona linalokuja mbele. Na hatari si ya hadithi tu: Januari 2011 meli ya Waldhof ilipinduka hapo karibu ikiwa na tani 2,400 za asidi ya salfa, na mabaharia 2 hawakurudi.

Nilimtumia mama mdogo picha WhatsApp. Akapiga.

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Siendi popote, mama. Unapanda, unatazama, unarudi."

"Na nauli umelipa?"

"Nimelipa."

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama kazini wameniachisha.

Hapo ndipo lilipo jibu langu kwako, mdogo wangu. Sisi tulioko huku kila safari tunayofanya ina shida ndani yake: zamu, ofisi ya wageni kuongeza kibali, duka la Waafrika kutafuta unga, uwanja wa ndege kumpokea mtu. Nchi unaijua kwa vituo vyake vya treni. Kwenye ile meli hakuna aliyenisubiri upande wa pili na sikubeba kitu cha mtu. Mwanzoni inakera. Nilikuwa naangalia saa kila mara kama niliyechelewa. Ilipofika Bacharach nikaacha. Unaweza kuona kwamba mambo haya si ya kulipia, nami sitakubishia, lakini usilinganishe na ada. Linganisha na viatu ulivyonunua mwezi uliopita.

Mengine ya kukusaidia. Nauli inakwenda kwa kipande, kwa hiyo usinunue safari nzima. Shuka na mkondo kama muda wako mfupi. Ukitaka kukaa majini zaidi kwa njia ileile, panda kinyume cha mkondo kutoka St. Goar, meli inajikokota. Upande mmoja nenda kwa treni ya mkoa kwa Deutschlandticket yako, ile tiketi ya mwezi ya treni za mikoa na mabasi, reli ziko kingo zote mbili. Kati ya Mainz na Koblenz hakuna daraja hata moja, ni vivuko tu, hivyo angalia kituo chako kiko ukingo gani. Meli hizi ni za kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba hivi, na hata Julai beba koti, upepo wa juu si mchezo. Chakula kula Bingen kabla ya kuvuka. Vichochoro vya Rüdesheim bei zake ni za watalii wa basi. Mkitaka kulala, ngome ya Stahleck juu ya Bacharach ni hosteli ya vijana.

Na usiende asubuhi unayotoka zamu ya usiku. Utaketi juani, utasinzia, na wenzako watakuamsha Kaub imeshapita.