Spika ikipiga dunia inahama? Soma hapa kabla hujaenda kwa mganga

Mkuu uliyeuliza kwa nini ukisimama karibu na spika kubwa dunia inahama, na wadau wanakujibu eti majini, ngoja nikwambie maana hii kitu ninayo mwenyewe. Kwangu ilikuwa honi ya meli hapa bandarini Mwanza, ikilia tu naona maandishi ya bango yanaruka, nashika nguzo, watu wanajua nimeshalewa asubuhi yote hiyo. Baadae nikaanza kusikia visigino vyangu kichwani nikitembea, yaani hadi macho nikiyazungusha usiku nayasikia yanakwaruza!

Iko hivi, sikio la ndani halisikii tu. Kuna mifereji mitatu inayopima kichwa kikigeuka, na vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo mno vya kalsiamu vinavyopima mwendo na kuinama. Wale wa soko la samaki la Mwaloni wanaopasua vichwa vya sangara watakuwa wameviona vile vijiwe vyeupe, vya samaki ni vikubwa na ndo anavyosikilizia. Sisi kifuko kimoja kimebaki na katabia hako, mlio mkali ukiingia kinashtuka na msuli wa shingo unalegea kidogo sana, hata madaktari wanapima hivyo, hedifoni masikioni na vinasio vya kusoma msuli shingoni. Hiyo kila mtu anayo ila haizungushi dunia.

Ya kuzungusha mara nyingi ni tundu kwenye mfupa unaofunika mfereji wa juu. Mlio badala ya kuishia upande wa kusikia unapita huko, maji ya mfereji yanasukumwa, ubongo unadhani kichwa kimegeuka na macho yanafuata. Mtaliano Pietro Tullio aliandika haya 1929, alitoboa mifereji ya njiwa akawapigia sauti wakageuza vichwa. Kwa binadamu tundu lenyewe alilieleza Lloyd Minor wa Marekani 1998, juzi tu hapo.

Mimi daktari aligonga kale kachuma kanakotetema akakaweka kwenye kifundo cha mguu, MGUU jamani, nikakasikia sikioni. CT scan ikamaliza ubishi. Upasuaji wa kuziba upo, mimi bado nakwepa makelele tu na kuvaa vizibo.

Hebu tuambie, ukikohoa au ukinyanyua gunia unayumba pia? Kama ndio, nenda kwa wa masikio, pua na koo, na umwambie wazi kwamba ni sauti inayokuzungusha, ukisema kizunguzungu tu utarudi na dawa za malaria.